Miezi kumi na moja ya "njoo kesho"

Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, mwaka wa kumi na sita huu. Mjini hapa kila mtu anajua fundi cherehani ni mwongo. Ukimpelekea kitambaa leo atakwambia njoo Alhamisi, ukija Alhamisi atakwambia njoo Jumamosi, na Jumamosi utamkuta ndiyo kwanza anachora chaki. Kwa hiyo nilipoanza kuumwa, Machi 2022, hakuna mteja aliyeshtuka. Walisonya, wakaondoka, wakarudi kesho yake kusonya tena. Ningekuwa dereva wa daladala, konda angeniona mapema. Ugonjwa wangu ulijificha ndani ya tabia mbaya ya kazi yangu, ukakaa humo miezi kumi na moja.

Naandika kwa sababu mwezi uliopita mtu wangu wa karibu ameanza safari ileile niliyoitembea mimi, ya ugonjwa ambao daktari alikuja kuuita sonona, tena kwa mlango uleule wa kwanza, zahanati. Nilijaribu kumweleza kwa mdomo nikajikuta naruka nusu ya habari, hasa ile nusu inayonitia aibu. Bora niiweke hapa yote.

Siku ninayoikumbuka ni ya lesi. Ilikuwa lesi ya rangi ya maziwa, yadi tano, ya mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake. Kitambaa cha namna ile ukikosea kukata, hakuna maneno ya kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimeshapima, nimeshachora, nimeshika mkasi. Adhana ya adhuhuri ilipita nimesimama. Adhana ya alasiri ikanikuta palepale, mkasi umefunguka, chaki inaonekana vizuri, na mkono hauendi. Kijana wangu wa kazi alidhani napiga hesabu. Sikuwa napiga hesabu yoyote. Sikuwa hata na huzuni, na hilo ndilo lililonivuruga baadaye kila mtu aliponiuliza, "Una huzuni gani?" Huzuni naijua, nimemzika baba mwaka 2020. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa kama nyumba imezima taa zote wakati uniti kwenye LUKU bado zimo.

Mengine yaliingia taratibu. Naamka saa tisa usiku, macho makavu, mpaka alfajiri. Wali nautafuna kama karatasi. Binti yangu, wakati ule ana miaka sita, alikuwa na kawaida ya kunisomea vibao vya maduka tukirudi nyumbani jioni. Nikaanza kumpitisha njia ya nyuma, kwenye kuta tupu, ili asisome. Hilo mpaka leo nikilikumbuka linanichoma kuliko hasara zote za pesa.

Idd ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Mei. Kwa fundi, Idd ndiyo mavuno. Nilirudisha vitambaa ishirini na vitatu havijaguswa mkasi, siku mbili kabla ya sikukuu, na mama wa lesi alinitukana mbele ya watu. Nilimsikiliza kama redio ya jirani.

Sasa nieleze jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Kwetu huu ugonjwa hauna jina moja, una majina kama sita, na kila jina lina mlango wake. Ukisema "mwili hauna nguvu" unapelekwa kupimwa damu. Ukisema "nina mawazo" unatafutiwa pesa. Ukisema "moyo mzito" unasomewa. Ukinyamaza kabisa, wanasema umefungwa. Sikudanganywa na mtu, ila kila nilipokwenda nilipewa dawa ya neno nililolitamka.

Mlango wa kwanza ulikuwa zahanati, na neno langu lilikuwa kichwa. Kichwa kizito, kama nimefungwa kanga iliyolowa. Na usingizi, na tumbo kujaa gesi. Yote yalikuwa kweli, sikutunga. Nikapimwa malaria, hakuna. Nikakutwa na taifodi, nikachomwa sindano. Baada ya wiki tatu nikakutwa na taifodi tena. Kisha UTI. Kisha vidonda vya tumbo, dozi ya siku kumi na nne yenye vidonge vingi kuliko mlo wenyewe. Mpaka Julai nilikuwa nimeacha pale zaidi ya laki moja na sitini.

Nilimkasirikia sana yule tabibu baadaye. Siku hizi nimempunguzia. Mimi ndiye niliyempa kichwa na tumbo. Sikumwambia kwamba nimesimama na mkasi kutoka adhuhuri hadi alasiri, wala kwamba nampitisha mtoto njia ya nyuma. Mwanaume wa kwetu anaumwa kichwa, mgongo, au tumbo. Haendi mbele ya daktari akasema hana hamu ya kuishi siku yake. Yeye naye hakuuliza, na foleni ilikuwa ndefu. Kupimwa damu kwenyewe si upuuzi; daktari niliyempata baadaye naye alianza kwa kunipima wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu na magonjwa ya tezi yanaweza kumlegeza mtu hivihivi. Ila ukishapimwa mara mbili tatu na dawa zote hazijakusogeza, ongeza maneno. Sema usingizi umebadilikaje, hamu ya kazi imekwendaje, unajionaje ukiwa peke yako. Ningesema sentensi hizo tatu Mei, nisingefika Februari.

Mlango wa pili ulifunguliwa na watu wanaonipenda. Mke wangu aliwaambia ndugu kwamba nina mawazo. Kwa Kiswahili cha mtaani mawazo ni madeni, ada, kodi ya nyumba. Hakuna anayesikia "ana mawazo" akafikiria ugonjwa. Basi shemeji akaenda kwenye kikoba chao, wakatoa laki nane kwa jina la mke wangu, nikanunua ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, ili biashara ikue na mawazo yaondoke. Ovaloki ile ilikaa miezi saba imefunikwa shuka. Marejesho ya kila wiki yalikuwa yanatoka kwenye maandazi ya mke wangu. Sasa mawazo ya kweli, yale ya pesa, ndiyo yakaja kukaa juu ya ugonjwa. Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, nakuomba usimpe mkopo. Usimpe mtaji. Usimwozeshe mke wa pili pia, maana na hilo lilijadiliwa na mjomba mmoja, kwa sauti kubwa kabisa, mke wangu yuko jikoni.

Kilichowachosha wote ni kwamba hawakuona sababu. Baba alikuwa na karibu miaka miwili kaburini, arobaini tulishasoma. Kazi ipo, mke yupo, mtoto hana ugonjwa. "Kisa nini?" Nilipokosa kisa cha kuwapa, walikitafuta wenyewe, na hapo ndipo tulipofika Muheza.

Mama yangu anakaa Muheza, kwenye michungwa. Alinitazama siku moja tu akasema sijaumwa, nimefungwa. Akamtaja hata aliyenifunga, jina silirudii, kwa sababu yule mzee sasa namsalimia na yeye hajui lolote. Nikapelekwa kwa mganga, nikapungwa usiku kucha.

Hapa wengi watataka nimtukane mganga nipite. Siwezi kuandika hivyo kwa sababu haikuwa hivyo. Ile ngoma iligharimu laki mbili na nusu pamoja na mbuzi, na sijaona ushahidi wowote kwamba kuna kitu kilitoka ndani yangu. Lakini usiku ule watu kama thelathini walikaa kunizunguka tangu isha mpaka alfajiri, kwa ajili yangu mimi, wakiniimbia. Shangazi yangu mwenye magoti mabovu alicheza. Karibu na alfajiri nililia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, na hakuna aliyeniambia nyamaza wewe mwanaume. Kule kulia kulihesabiwa kuwa ni kwa shetani, kwa hiyo kuliruhusiwa. Siku tatu nilikula vizuri. Siku ya nne nikaamka saa tisa usiku, macho makavu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ngoma inasaidia, nitakwambia kukaa na watu kunasaidia, na sijui kwa nini tunasubiri mbuzi ndiyo tukae. Kilichokuwa na hatari ni chupa. Nilirudi Dar na chupa mbili za dawa ya mizizi, niinywe asubuhi na jioni, na nilizinywa mpaka siku ninaanza vidonge vya hospitali bila kumwambia daktari. Mpaka leo sijui kulikuwa na nini ndani. Daktari alipogundua hakunifokea. Alisema tu hawezi kujua kinachonisumbua ni dawa yake au ni ya chupa. Kama unatumia mitishamba, itaje. Watakuwa wameshasikia mengi kuliko hayo.

Mlango wa tatu ulikuwa wa ustadhi mmoja hapa hapa mjini. Akanisomea, akanipa kombe la zafarani ninywe siku saba, akanipiga hijama, kisha akatangaza kwamba nina jini mahaba. Jini wa kike amenipenda, ndiyo maana nimepoteza hamu na mke wangu. Hamu kweli nilikuwa nimeipoteza, na hakuna aliyenieleza kwamba hiyo nayo ni dalili. Mke wangu alisikia habari ile akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Huyo mwenzangu anakupikia nini?" Tukacheka, nadhani ndicho kicheko pekee cha mwaka ule, halafu akaenda kulala kwa dada yake wiki nzima. Fikiria mwanamke anarejesha laki nane kwa maandazi, kisha anaambiwa ana mke mwenza asiyeonekana.

Niutendee haki upande huu pia. Kuna imamu wa msikiti wa karibu na duka langu, mzee, hasomei watu kwa pesa. Nilipomweleza, alinisomea dua kisha akaniuliza nimekwenda hospitali gani. Akanikumbusha kwamba Mtume alituambia tujitibu. "Dua yangu haizuii dawa yao, na dawa yao haizuii dua yangu." Ningempata huyu wa kwanza ningeokoa pesa. Lakini hata yeye alisema "hospitali" bila kusema mlango gani wa hospitali, na mimi nikajua akimaanisha wagonjwa wa akili simo. Kwetu Tanga ukimtania mtu unamwambia atapelekwa Lutindi, kule juu milimani Korogwe, wanakotibiwa wagonjwa wa akili tangu zama za Mjerumani. Huku Dar watu wanasema Mirembe, ile ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927. Majina yale ni ya hospitali zilizowatibu watu wengi, sisi tumeyafanya matusi. Nilikuwa tayari kuwa na jini. Kuwa mgonjwa wa akili sikuwa tayari.

Januari 2023 ikaja na sare za shule. Nikazichelewesha zote.

Februari alikuja mteja wangu wa siku nyingi, nesi, kuchukua gauni lake jeupe la kazini nililolishikilia tangu Oktoba. Nikamwambia njoo kesho. Wengine hapo husonya. Yeye alivuta stuli, akakaa, akamtuma kijana wangu akanunue maji, kisha akasukuma mlango ukabaki wazi kidogo tu. Akaniuliza kama anaweza kuniuliza maswali tisa. Alikuwa anayajua kwa kichwa. Katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi nimekosa hamu ya kufanya mambo. Mara ngapi nimesumbuka na usingizi. Uchovu. Chakula. Kujiona nimeshindwa, nimeiangusha familia. Hapo nilishika ukingo wa meza. Kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja. Kuwa mzito kwenye mwendo hadi watu wakaona. Kila moja nilijibu "karibu kila siku", na kila moja niliona kama amekaa nyumbani kwangu mwaka mzima akiandika.

La tisa aliliuliza polepole, lakini bila kuzunguka: kama nimewahi kufikiri kwamba ni afadhali ningekuwa nimekufa, au kujidhuru.

Nilikuwa nimefikiri. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa naogopa hata sheria, maana nilishasikia kwamba mtu akijaribu kujiua na akapona anafikishwa polisi. Si uvumi: Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inasema kujaribu ni kosa. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Mahakama Kuu yao ikatamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mimi mwaka 2023 nilijua tu kwamba ukisema utakamatwa. Nesi akanieleza kwamba kufikiri na kumwambia mhudumu wa afya si kosa la mtu yeyote, na kwamba kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo lile. Kweli, nilipomjibu ndiyo, kifua kilishuka. Kesho yake asubuhi alinisindikiza mwenyewe, na usiku ule alimpigia mke wangu asiniache peke yangu.

Nilikwenda kliniki nimevaa kofia na barakoa. Corona ilinisaidia kwa hilo. Benchi lilikuwa limejaa na wanawake ndio wengi. Hakuna aliyekuwa anaokota makopo. Kulikuwa na mwalimu anasahihisha madaftari akisubiri zamu, kulikuwa na bwana mwenye sare ya ulinzi aliyetoka lindo. Tulikuwa tunaogopana wote, kila mtu anaomba asijulikane na mwenzake.

Daktari akaniambia ni sonona. Neno nilikuwa nimelisikia redioni nikadhani ni ugonjwa wa Wazungu. Ila lina asili yetu kabisa. Bibi zetu walisema mtu anasonona, anaumia ndani kwa ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria waliomo kwenye hali hii duniani ni takriban watu milioni 332. Sikufarijika kwa hesabu hiyo hata kidogo, nilifarijika na yule mwalimu wa madaftari.

Nikaandikiwa amitriptilini, kidonge cha usiku, kwa dozi ya kuanzia chini kisha kupanda. Vidonge vya mwezi mzima viligharimu pungufu ya nauli ya basi ya kwenda Muheza. Niliposikia bei nilitaka kulia pale dirishani. Mke wangu akaambiwa yeye ndiye akae na boksi la dawa, anipe cha siku. Nilinuna, lakini nakushauri ukubali. Kwa hali niliyokuwa nayo lilikuwa jambo la busara.

Kosa langu la kwanza la dawa: niliacha siku ya tisa. Mdomo ulikuwa mkavu kama nimelamba chaki, choo kigumu, usingizi wa mchana mpaka nikajishona kidole, sindano ikaingia kwenye kucha. Na nafuu sikuiona. Hakuna aliyenitilia mkazo, au walinitilia nisisikie, kwamba dawa hizi zinaanza kwa maudhi, nafuu inakuja nyuma baada ya wiki mbili, nne, hata zaidi. Malaria imetuzoesha vibaya: siku tatu umepona. Nesi alinirudisha. Wiki ya tano hivi nililala mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaamka na adhana, nikakaa kitandani nashangaa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mwezi wa nne wa matibabu nilikuwa mzima, nashona, nacheka, nikajiambia nimepona, vidonge vya nini. Nikaacha ghafla. Agosti nilikuwa nimerudi palepale, tena kwa kasi, na safari hii nikiwa na aibu ya kumuona daktari. Kumbe nilikuwa nimeshaelezwa kwamba mtu akipata nafuu anaendelea miezi mingi zaidi, na anapunguza taratibu kwa maelekezo. Nilipoteza miezi mitatu kwa ujanja wangu.

Kulikuwa pia na habari ya ushauri nasaha. Siku daktari alipotaja neno hilo niligoma. Kwa watu wa umri wangu ushauri nasaha ni kile chumba cha kupimia UKIMWI, unaingia unatoka watu wanakutazama mkono una nini. Nilidhani wamekuta kitu kwenye damu wanazunguka kuniambia. Ilibidi nielezwe kwamba ni mazungumzo tu, na yule mshauri, mama wa makamo, wala hakuniuliza sana kuhusu utoto wangu. Aliniuliza kazi ndogo kuliko zote dukani ni ipi. Nikasema kushona kifungo. Akanipa kifungo kimoja kwa siku, wiki nzima. Si viwili. Nilimwona mama huyu ananichezea. Siku ya kwanza kifungo kile kilinichukua robo saa na nilipomaliza niliweka shati chini kama nimemaliza suti. Wiki ya pili akaniongezea pindo.

Yeye ndiye aliyeniambia habari za Zimbabwe, nami nikaja kuzisoma kwenye simu. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona madaktari kama yeye ni wachache mno nchini kwao, akaanza mwaka 2006 na bibi kumi na wanne wa Mbare, Harare. Bibi hao walifundishwa, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati, mtu anakwenda anakaa na bibi wanazungumza tatizo lake mpaka wanapata hatua moja ya kuanzia. Utafiti wa 2016 ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hawakulazimisha neno la kigeni. Walitumia la kwao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni yaleyale mawazo yetu, ila wao walipolisikia hawakukimbilia kikoba. Watu hao kabila lao ni Washona, na mimi fundi cherehani niliposoma hivyo nilicheka peke yangu dukani mpaka kijana akachungulia.

Kilichobaki ni mama. Kwa muda mrefu nilimficha. Nilijua nikisema hospitali ya akili atasikia Lutindi. Mwishoni mwa 2023 nilikwenda Muheza nikamweleza yote, nikatumia neno sonona, hakulielewa. Nikaanza kumweleza kwa vitendo: kuamka usiku, mkasi mkononi, kupita njia ya nyuma na mtoto. Alikuwa anamenya muhogo. Akasimamisha kisu.

"Si ndiyo kile kimya cha baba yako?"

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, sijawahi kusikia. Kumbe kulikuwa na misimu baba alikuwa anaacha machungwa yanaozea mtini, anakaa mlangoni pa jiko kutwa, haongei, halali, hali. Mwezi, miwili, mara moja karibu mwaka. Watoto tuliambiwa baba ana kichwa. Mama alikuwa ana jina lake, kimya, na alikuwa na dawa yake: alimkalisha karibu naye na kumpa kazi ya kumenya kitu. Na baba mdogo, yule tuliyeambiwa alikwenda kufanya kazi Korogwe, alikuwa Lutindi.

Daktari alikuwa ameniuliza siku ya kwanza kama kuna mtu kwetu amewahi kuumwa hivi. Nilijibu hakuna, kwa kujiamini kabisa. Kwa hiyo ukiulizwa swali hilo, usijibu kabla hujawauliza wakubwa, na usiwaulize kwa neno la hospitali. Waulize nani aliwahi kukaa kimya, nani aliwahi kuacha shamba, nani alifungwa.

Siku hizi mama akipiga simu haulizi tena nimekula nini. Anauliza, "Kimya kipo?" Mara nyingi namwambia hakipo. Machi mwaka huu nilimwambia nakisikia kwa mbali, akasema, "Haya, nenda kliniki, kisha uje umenye muhogo." Nilifanya vyote viwili, kwa mpangilio huo.

Hesabu zangu zote, zahanati, mbuzi, kombe, hijama, mkopo na riba yake, zinakaribia milioni moja na nusu, bila kuhesabu wateja. Mkopo umeisha. Ovaloki inafanya kazi, kelele zake nazipenda. Mama wa lesi hajarudi na sitarajii.

Rafuni kimebaki kitambaa kimoja cha wakati ule, kaki ya kaptula ya shule ya Januari 2023. Namba ya simu aliyoacha mzazi haipatikani. Kwenye ukuta nimeandika, kama mafundi wote, kwamba baada ya siku tisini hatuhusiki, lakini hii sijaiuza. Vipimo bado vimo kwenye daftari kwa mwandiko wangu wa wakati ule, mdogo mdogo, umelala: kiuno 22, urefu 15. Mtoto mwenyewe sasa hivi atakuwa ameshavuka hapo kwa inchi nne.